Dirisha Jembamba

Ikipita saa nne usiku duka letu la dawa, hapa Kutaisi,
hufunga mlango na kubakisha kidirisha
cha upana wa viganja viwili.
Theluji huingilia hapo, na mikono, na noti zilizokunjwa.
Sura sizioni. Watu nawajua kwa kucha zao.

Mtihani ni Alhamisi. Daftari liko juu ya mizani:
gramu mia mbili na kumi za mambo nisiyoyajua.
Nimeandika, Dozi ni kiasi.
Nimeandika, Sumu nayo ni kiasi.
Baada ya hapo mwalimu Lomtatidze alisema mengi,
mimi nikasinzia.

Mkono wa kwanza una gundi ya fundi viatu.
Unataka antibiotiki. Ya nini? Mafua.
Mzee, mafua ni ya virusi, hii huua bakteria,
utakuwa unampiga mbwa kwa kosa la paka.
"Basi nipe, nimpige mbwa."
Nampa parasetamoli na limau langu la chai.
Matusi ananiachia bure.

Mkono wa pili unatetemeka, pete imelegea kidoleni.
Dawa ya kukojoza, ile ya asubuhi,
ya kuzibua figo maji yatoke, moyo upate kuhema.
Lakini potasiamu nayo hutoka, huyafuata maji
kama mtoto anayewasindikiza wageni mpaka njia panda
bila kuagizwa.
Hayo ndiyo madhara ya pembeni, naandika.
Pembeni mwa nani?
Mguu ukikakamaa saa nane usiku
pembeni hakupo.

Rafu ya juu kuna vidonge vya kuzuia damu kuganda.
Vikizidi, damu haina breki.
Vikipungua, hujipiga fundo.
Katikati pana upenyo, kitabu huuita dirisha la tiba,
na la dawa hii ni jembamba.
Baba anaishi humo.
Mchicha uliopondwa na kokwa za jozi, alioula kwa bakuli,
sasa anapimiwa: vijiko viwili, kila siku vilevile,
naye huvitazama kama mtu aliyepunjwa dukani.

Agonisti: hukaa kwenye kipokezi, hukiwasha.
Antagonisti: hukaa kwenye kipokezi, hakiwashi,
ila mwingine hapati pa kukaa.
Mistari hii nimeisoma mara kumi na moja.

Mara ya kumi na mbili nikaiona meza yetu,
wiki ile baada ya kumzika mama.
Shangazi Tsiuri alikuja kutoka Zestaponi na mkoba mmoja
akaketi kwenye kiti chake.
Hakupika kama mama. Hakumkaripia baba kwa chumvi.
Aliketi tu, akimenya viazi, akinyamaza,
na mimi nikamchukia majira yote ya baridi.

Kumbe kiti hakikuwa wazi.
Kile kilichokuwa kikija kila jioni kuketi pale
kilifika, kikachungulia, kikakuta pamejaa,
kikarudi nje na baridi yake.

Na hakuondoka ghafla. Dawa za namna hiyo hazikatishwi.
Kwanza alilala kwao Jumamosi.
Kisha Jumamosi na Jumapili.
Mwezi Machi tulikuta kiti kitupu, tukala.

Kunapambazuka. Mkono mwingine kidirishani:
kucha fupi, doa la bluu chini ya ngozi
pale damu ilipovuja kwa kugongwa kidogo tu.
"Natela, umekula?"
Umemeza? namuuliza.
"Nimemeza. Umekula?"

Anajaribu kupitisha chupa ya chai.
Anailaza, anaigeuza, anaisukuma.
Haipiti.
Natafuta funguo za mlango.